Kiungulia Nilichokifunga Chini ya Kibwebwe

Ndugu zangu katika Kristo, nawasalimu kwa jina la Bwana aliyenijalia leo asubuhi nimeze mate yangu yakashuka bila kuniunguza. Sifa ni zake. Wazee wangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo, na wajukuu huko nyuma nyamazeni kidogo nisikike.

Mimi ni Agnes, Mama Stefano, yule muuza supu wa Kariakoo. Wengi wenu mmekunywa supu yangu, na wengine mna bakuli zangu majumbani mpaka leo, nawajua. Haya ninayowasomea nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe kwenye daftari la kisomo cha watu wazima. Nilitoka Masasi sijui hata kushika kalamu. Leo nina kurasa saba, mbele na nyuma, na mwalimu wangu hajagusa hata herufi moja. Kama nikisimama katikati, mjue natafuta mstari, msidhani nimeishiwa.

Sasa nianze na lile gumu. Likishatoka hilo, mengine yatatoka yenyewe.

Mwaka jana nilisimama hapa hapa mbele, nimevaa gauni jeupe, nikasema Mungu ameniponya kiungulia. Nikasema nimepona kabisa. Mkapiga makofi, mkaimba, na Mama Eliza anayeongoza maombi ya akina mama alilia machozi. Ndugu zangu, siku ile nilipokuwa nasema, niliamini. Siku ya tatu yake nilijua si kweli, na nikanyamaza miezi tisa. Huo ndio uongo wangu. Kiungulia peke yake kisingenifikisha nilikofika. Kilichonifikisha ni kukificha.

Niwaeleze nilivyokuwa nikiishi. Alfajiri saa kumi niko kwenye sufuria. Wateja wangu walikuwa mafundi waliokuwa wanajenga soko jipya, na wabeba mizigo, na makuli wanaotoka zamu bandarini. Watu hao hawataki maji ya moto yenye chumvi. Wanataka supu ya kutoa jasho. Basi naweka pilipili mbuzi, nakamua ndimu, naonja. Naongeza, naonja. Mpaka jua linatoka nimeshaonja vijiko visivyo na idadi, na tumboni hamna kingine ila chai ya rangi ya tangawizi, nyeusi tii. Mchana sili. Nani ale, na watu wamepanga foleni? Jioni ndiyo nakula, na nikila nakula kweli: bonge la ugali wa yanga, ule unga wa mahindi ya njano tuliokuwa tunagawiwa dukani, na mabaki ya supu na mafuta yake yaliyoganda juu. Nikimaliza, najitupa kitandani kama gunia la mihogo. Niliyaona hayo ni maisha ya mwanamke hodari.

Na juu ya hayo yote, kibwebwe. Nilipomzaa Stefano, marehemu mama yangu alinifunga mkaja. Aliweka goti mgongoni mwangu akavuta mpaka nikaona nyota, akaniambia nikifungua mapema nitabaki na tumbo la chatu aliyemeza mbuzi. Siku arobaini zikaisha, mimi sikufungua. Nilibadilisha kitambaa tu. Tangu siku hiyo mpaka nimekuwa bibi, kila nikiamka nakunja kanga, nazungusha mara nne chini ya kidari, nakaza, nachomeka. Nafanya kazi nayo, nakula nayo, nalala nayo. Kiuno changu kilisifiwa kuanzia Kariakoo mpaka Magomeni, na nilizisikia sifa hizo vizuri sana.

Kiungulia kilianza kidogo, kama mtu amewasha kibiriti nyuma ya kifua. Baadaye kikawa kinanikuta nimeinama napuliza moto: maji machungu yanapanda mpaka kooni, meno yanakufa ganzi. Kikahamia kitandani. Nikilala chali nasikia moto unatambaa. Nikawa naamka nakohoa, sauti imekauka kama ya jogoo mgonjwa.

Nyumba ninayokaa ina vyumba sita na ua mmoja, na kila mwanamke wa ua ule ni mganga. Mmoja alisema nitafune mchele mbichi, nikatafuna. Mwingine alisema nikoroge majivu kwenye maji, nikakoroga. Nililamba magadi mpaka ulimi ukachubuka. Lakini wote walikubaliana kwa jambo moja: hilo ni chango, linapanda kwa sababu halijafungwa, kaza kibwebwe likae chini. Kwangu mimi maneno hayo yalikuwa na akili. Kitu kinapanda, unakifunga. Basi kikipanda nakaza. Nikikaza kinapanda zaidi, nami naona bado sijakaza vya kutosha.

Ndipo Mama Eliza alipokuja kunitazama. Akaniambia, "Mama Stefano, sisi tuna Mungu. Acha sufuria siku tatu uje tufunge na kuomba." Nikaacha sufuria. Tulikaa katika ukumbi wetu wa kanisa, akina mama kumi na wawili. Hatukula mchana, na kabla jua halijazama tulifungua kwa uji mwepesi wa mtama. Baada ya uji tuliimba tukiwa tumeketi, muda mrefu, ndipo tukalala, tumeegemea mabunda ya nguo. Tulivaa magauni mapana, na Mama Eliza alikataza vibwebwe. Alisema hatuendi ngomani.

Siku ya pili moto ulipungua. Siku ya tatu ulinyamaza kimya. Ndugu zangu, niliinama makusudi kuokota kitabu cha nyimbo nione kama kitapanda. Hakikupanda. Nililia. Jumapili nikasimama mbele yenu, nikasema lile neno, kabisa.

Jumatatu saa kumi alfajiri nikakunja kanga yangu, nikazungusha mara nne, nikakaza, nikaenda kwenye sufuria kuonja pilipili. Jumatano kilikuwa kimerudi, na kilirudi na hasira.

Sasa ningefanya nini? Nijibuni mioyoni mwenu. Ningerudi hapa mbele niseme kimerudi? Wangesema nimepoteza imani. Au wangesema Mungu wetu hawezi. Na ukweli wenyewe, msinihurumie, sikuwa namlinda Mungu. Nilikuwa nalinda yale makofi. Mimi mwanamke asiyesoma, nimetoka kusini na kanga mbili, sijawahi kupigiwa makofi na watu wengi namna ile. Nikaona afadhali niungue.

Nikajifunza kuungua na kutabasamu. Kikipanda katikati ya ibada, nainamisha kichwa kama naomba. Nikikohoa nasema vumbi la soko jipya. Na ugoro, ndiyo, nitasema na hilo, nilikuwa navuta ugoro kwa siri nyuma ya choo, nikidhani unatuliza. Hayo wengine mlinusa, mkanyamaza kwa heshima.

Kibaya zaidi, Mama Eliza akawa ananichukua kwenda kwa wagonjwa. "Mama Stefano, waambie Bwana alivyokutendea." Nami nawaambia. Tulikwenda kwa Salome, yule binti mshona nguo wa Magomeni. Ameketi pale, na amenipa ruhusa nimtaje. Salome alikuwa na ugonjwa kama wangu, na hospitali walimpa vidonge. Nikamweleza habari zangu zote mpaka kwenye makofi. Akaniuliza, "Kwa hiyo Bibi, hivi vidonge niviache?" Ndugu zangu, wakati ananiuliza, moto ulikuwa umefika hapa, kooni. Sikusema viache. Sikusema usiviache. Niliangalia sakafu. Naye akauchukua ukimya wangu kuwa ndiyo.

Miezi ikaenda hivyo. Mpaka jioni moja tumekaa uani tunakula, nikameza tonge la ugali, likasimama. Halishuki, halirudi. Nikasimama, mikono hewani, macho yametoka. Aliyenipiga mgongoni mpaka tonge likatoka ni Mwajuma.

Mwajuma anauza nazi, chumba chake kinatazamana na changu. Ni Mwislamu mswalihina kuliko wengi wetu humu tulivyo Wakristo, na kwa kabila lake na langu sisi ni watani. Mnaotoka kusini mnajua mtani ni nani. Ndiye anayekuja msibani kwako, akavaa nguo zako, akaigiza ulivyokuwa ukitembea na kusema, watu wacheke katikati ya kilio, na hakuna wa kumkasirikia. Ni haki yake.

Kesho yake Jumamosi nimerudi kutoka kazini, nakuta wanawake wa uani wamekaa kwenye mikeka na Mwajuma amesimama katikati. Amekitoa kibwebwe changu cha akiba kwenye kamba, amejifunga mpaka juu ya maziwa. Mkononi ana upawa. Anaonja hewa, anashika kifua, anacheua, anaonja tena. Kisha akainua mkono juu kama mhubiri, akasema kwa sauti yangu ileile iliyokauka, "Bwana amenitendea, nimepona kabisa. Nani ana majivu?"

Wanawake wakaanguka kwa kicheko. Nami nilicheka mpaka nikakohoa. Halafu nikatambua anachoigiza. Nikamwambia, "Mwajuma, mimi sijafa."

Akasema, "Najua mtani. Nafanya mazoezi. Siku yenyewe sitaki nikosee."

"Vua kibwebwe changu."

"Cha nini? Mwenyewe anaondoka. Jana uliondoka nikakurudisha kwa kofi, leo mkono unaniuma. Nenda kwa mganga wa serikali."

"Nikienda zahanati, watu wa kanisa wataniona."

"Na kwenye jeneza hawatakuona? Huko utajificha nyuma ya nani?"

Mjukuu wangu Rehema alikuwa amesimama mlangoni, na hakuwa amecheka hata kidogo. Baba yake, Stefano wangu, yuko kijijini kusini na watoto wengine watano, huyu kaniachia mimi nimsomeshe mjini. Akauliza, "Bibi, ukifa mimi nitakaa na nani?" Hakulia. Aliuliza tu, kama anauliza njia.

Basi Jumatatu nikafunga biashara. Sikwenda zahanati ya jirani. Nilikwenda ile ya upande wa Mchafukoge, maana huko nilijua sitaonwa na mtu wa kanisa. Nilikaa benchi moja na mama wa Kihindi aliyeshika kifua vilevile kama mimi. Akaniuliza, "Pilipili?" Nikamjibu, "Pilipili." Akatikisa kichwa. Nilijisikia vizuri kidogo, kwamba ugonjwa huu hauna kabila.

Mganga alikuwa kijana mwembamba, angeweza kuwa mwanangu wa mwisho. Akanipa shikamoo, nikaitika. Akaniambia nilale, akabonyeza tumbo, vidole havikuingia.

"Bibi, hiki nini?"

"Kibwebwe."

"Tangu lini?"

"Tangu nimzae Stefano."

"Stefano ana umri gani?"

"Ana watoto sita."

Akakaa chini yule kijana. Akaniambia, "Fungua." Nikamwambia sijawahi kukifungua mbele ya mwanamume asiye mume wangu, na hata huyo marehemu alikuwa anaomba kwanza. Akanivutia pazia. Nikafungua. Ndugu zangu, nilivuta pumzi ikaenda mahali ambapo haijafika miaka mingi, nikashika ukuta nisianguke.

Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza. "Kuna wakati wowote, Bibi, hata siku moja, kiungulia hiki kilitulia?"

Nilitaka kusema hapana. Uongo ulikuwa umeshazoea njia. Lakini sikuwa na kibwebwe, nilijiona kama niko uchi, na mtu aliye uchi anachoka kujificha. Nikamwambia habari ya zile siku tatu. Hakucheka. Alichukua kalamu. "Siku hizo tatu ulikula nini? Saa ngapi? Ulionja pilipili? Ulikunywa chai kavu? Ulivaa nini? Baada ya kula ulilala au ulikaa? Ulilala chali au umeegemea?" Nikajibu moja moja. Alipomaliza akaigeuza ile karatasi nione. Sikuhitaji kusomewa. Nilisoma mwenyewe: uji mwepesi, mapema, gauni pana, kukaa, kuegemea. Nikaona jibu langu limeandikwa kwa maneno yangu mwenyewe.

Akanieleza kwamba tumbo ni mfuko, na mfuko una mlango kule juu unapoungana na koo. Mlango wangu umelegea. "Sasa ukiukamua mfuko katikati," akasema, "kilichomo kitatokea wapi?" Mimi nimebeba viroba maisha yangu yote, sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Miaka yote ile nilidhani nakifungia kisipande, kumbe ni mimi niliyekuwa nakipandisha kwa mikono yangu miwili.

Kwa sababu ya lile tonge lililokwama, alinipeleka hospitali kubwa. Huko walininywesha maji mazito meupe kama chokaa ya kupaka ukuta, wakanipiga picha yakishuka. Wakasema koo limechubuka lakini halijaziba. Daktari aliniambia kwa upole, ila aliniambia: ningeendelea vile, lingeziba, na hata uji ungepita kwa shida. Nikapewa vidonge vya kutafuna, vyeupe, vina ladha ya chaki, baada ya chakula na kabla ya kulala. Nikaambiwa nisiviache kwa akili yangu, na nikiona tonge limekwama tena, au choo kimekuwa cheusi, nikimbie hospitali siku hiyo hiyo.

Mnadhani yaliisha hapo? Vidonge ndivyo vilivyokuwa rahisi. Kazi ilikuwa mimi.

Wiki ya kwanza bila kibwebwe nilitembea kama mtu aliyesahau kuvaa. Nilijifunika kanga begani wakati wa jua kali. Akina mama sokoni wakaniuliza kama nina mimba. Nikawajibu ndiyo, ya mapacha, wote watauza supu. Chai ya rangi niliiacha siku ya kwanza, kichwa kikaniuma siku nne, nikang'ang'ana. Ugoro nilimpa Mwajuma auzike. Aliuzika kweli, kwenye shina la mpapai pale uani, na akasoma dua.

Kitanda changu cha kamba nikakiinua miguu ya kichwani kwa matofali mawili mawili. Rehema analala nami, na usiku ule wa kwanza aliteleza mpaka miguuni akaamkia sakafuni. Akadhani ni mchezo, akataka tufanye kila siku. Sasa analala na godoro lake chini, mimi naegemea juu kama malkia.

Na sufuria je? Hapo ndipo nilipoogopa. Muuza supu asiyeonja ni nani? Nilikaa nikafikiri, kwa maana ile supu ndiyo kodi ya chumba, ndiyo sare ya Rehema, na miaka hii mtu akikutwa mjini hana kazi anaonyeshwa njia ya kijijini. Nikaamua. Supu naipika chumvi na kitunguu tu, mafuta ya juu naengua. Pilipili na ndimu naziweka pembeni kwenye bakuli, kila mtu aweke yake. Kijiko cha kuonja anapewa mteja wa kwanza, naye akikosea ni juu yake. Siku za mwanzo mafundi walinisema.

"Bibi, leo umetupikia supu ya wodini?"

"Pilipili hiyo hapo. Jiunguze mwenyewe, mimi nimestaafu."

Walicheka, wakaweka pilipili, wakanywa. Na ni hao hao mafundi waliogundua kwamba kuinama ndiko kunakoniumiza. Siku moja wakati wa mapumziko walikuja watatu na vipande vya matofali yaliyovunjika na udongo kidogo, wakanijengea jiko la kufika kiunoni. Sasa napika nimesimama wima. Hakuna muuza supu mwingine Kariakoo anayepika amesimama wima, na najua wananiita Bibi Nahodha. Naitika.

Mchana sasa nakula. Kidogo, nimekaa, watu wangoje. Jioni nakula mapema, Mwajuma akienda kuswali magharibi mimi nimeshanawa mikono, kisha nakaa uani nasuka ukili wa mkeka au nafanya zoezi langu la kisomo mpaka chakula kishuke. Ndiyo maana mwandiko wangu umekuwa mzuri. Ugonjwa umenifundisha kusoma kuliko mwalimu.

Ndugu zangu, baada ya miezi miwili nililala usiku mzima. Niliamka nikadhani nimekufa, kulikuwa kimya kifuani.

Ningeweza kuishia hapo. Ningekaa na karatasi yangu, nimeze vidonge vyangu kwa siri, ninyi mkaendelea kusema Mama Stefano aliponywa siku ile ya makofi. Nilishapanga hivyo, msidhani nimekuwa malaika. Lakini Jumapili moja sikumwona Salome. Nikauliza. Wakasema amelazwa, ametapika damu.

Nilitembea kwa miguu mpaka hospitali. Nilimkuta amelala amenyooka, midomo myeupe. Aliponiona alijaribu kuinuka kwa heshima. Akaniambia, "Bibi, nisamehe. Imani yangu ilikuwa ndogo."

Nimezaa watoto wanne, nimezika wawili na mume. Hakuna neno lililowahi kunichoma kama lile. Kiungulia cha miaka yote ukikikusanya hakifiki pale.

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikamwambia, "Salome, siku ile nilipokaa kwako nikakuhubiria, nilikuwa naungua. Naungua wakati ule ule. Sikuwa nimepona."

Akaniuliza, "Mbona hukusema?"

"Niliona aibu."

"Mimi nilivitupa chooni, Bibi. Vyote."

"Najua. Na mimi ndiye niliyevitupa."

Alinigeuzia mgongo, na alikuwa na haki. Nilikaa pale mpaka wakati wa kutazama wagonjwa ukaisha. Kesho yake nikarudi na uji wa mtama. Alikunywa amenipa mgongo vilevile. Siku ya tano akaniuliza, "Kile kibwebwe chako ulikipeleka wapi?" Nikamsimulia habari ya Mwajuma na upawa. Akacheka, akashika tumbo kwa maumivu, akaniambia ninyamaze. Nikajua tumepatana.

Yeye ndiye aliyeniambia, "Bibi, ulisema uongo ukiwa mbele. Ukweli nao useme mbele." Ndiyo maana niko hapa na kurasa saba.

Nilimwendea kwanza Mama Eliza nyumbani kwake, maana sikutaka asikie haya pamoja nanyi. Alinisikiliza, akapepeta mchele wake wote mpaka ukaisha. Kisha akasema, "Kwa hiyo maombi yetu yalikuwa bure?" Nikamwambia hapana, dada. Nimeliwaza jambo hili kuliko jambo lolote. Mungu alijibu. Siku tatu nzima alinionyesha: kula hivi, vaa hivi, keti hivi, lala hivi. Alinishika mkono kama mwalimu wa kisomo anavyomshika mtu mzima kidole kwenye herufi. Mimi badala ya kutazama herufi nikatazama makofi. Ikabidi amtume kijana mwembamba wa zahanati anisomeshe tena kuanzia mwanzo.

Mama Eliza akafikiri. Akasema, "Basi safari nyingine tukiomba, tutauliza na mgonjwa anakula nini." Na tangu siku hiyo anauliza, nyote mashahidi, mpaka anakera.

Sasa sikilizeni hali yangu ilivyo leo, kwa maana sitaki mwongeze wala mpunguze. Sijapona kabisa. Lile neno nimelirudisha kwa mwenyewe, sitalitumia tena. Mwezi uliopita nilikwenda arusini, nikala pilau sahani mbili na achari, nikarudi nikalala chali kwa uchovu. Kiungulia kilikuja kuniamsha. Lakini safari hii nilijua kimeingilia mlango gani. Niliketi, nikatafuna kidonge, kesho yake nikarudi kwenye uji wangu. Mlango wangu wa tumbo umelegea na mimi ndiye bawabu wake mpaka siku ya kufa. Kazi hiyo nimeikubali. Naifanya kila siku kama ninavyowasha moto.

Namshukuru Mungu kwa vidonge vyenye ladha ya chaki. Namshukuru kwa kijana aliyeniuliza swali moja. Namshukuru kwa mafundi na matofali yao, kwa Rehema aliyeuliza bila kulia, na kwa Salome, ambaye angeweza kunichukia. Namshukuru kwa Mwajuma. Yuko pale nje chini ya dirisha, anasikiliza, anajifanya anauza nazi siku ya Jumapili.

Ndugu zangu, najua humu ndani kuna mwenye kitu chake amekificha. Huenda ulishasimama hapa ukashuhudia, na jambo likarudi, na sasa unatabasamu huku unaungua. Mtegemee Bwana, lakini usimtumie kama pazia la kujifichia. Kesho Jumatatu saa mbili nakwenda zahanati kuchukua vidonge vyangu. Safari hii sizunguki Mchafukoge, nakwenda hii ya jirani, mchana kweupe, na nitapita mbele ya mlango wa kanisa. Salome atakuwa nami. Anayetaka twende, atukute hapo. Hatutakuuliza unaumwa nini mpaka tufike.

Mtaniona kwa mbali. Mimi ni yule bibi asiye na kiuno. Kibwebwe changu anacho Mwajuma, amekikunja ndani ya sanduku lake, anasema anakitunza kwa ajili ya msiba wangu. Nimemwambia akiwekee dawa ya nondo, maana atangoja sana.